Griffin: Mlezi aliyewatafutia vijana wa kizuizini njia ya kazi

MVULANA anayepelekwa katika Shule ya Marekebisho ya Likoni, au kijana anayeamriwa na mahakama kukaa katika Borstal ya Shimo la Tewa, upande wa Kisauni, hatarajiwi kumaliza muda wake kwa kuhesabu siku tu. Sheria inataka afunzwe: asome, ajue ufundi, na atoke akiwa na kitu mkononi. Wazo hilo, ambalo leo huonekana la kawaida, lina historia yake nchini Kenya, na katika historia hiyo jina la Dkt Geoffrey William Griffin halikwepeki.

Wasomaji wengi humkumbuka Griffin kwa sababu ya Kituo cha Wavulana cha Starehe, jijini Nairobi. Wachache hukumbuka kwamba safari iliyomfikisha Starehe ilianzia ndani ya seng'enge, katika kambi iliyokuwa kando ya barabara ya Mombasa.

Alizaliwa mwaka wa 1933, mwana wa ofisa wa polisi wa kikoloni, akasomea shule ya Prince of Wales, ambayo siku hizi ni Nairobi School. Baada ya masomo aliajiriwa katika idara ya upimaji ardhi. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, naye akiwa kijana wa umri wa kubeba bunduki, alijiunga na jeshi na kupelekwa kupigana na Mau Mau. Hakuridhishwa na aliyoyashuhudia vitani. Muda wake ulipokwisha alikataa kuongeza mkataba, akaomba kazi ya kuwarekebisha waliozuiliwa.

Kazi hiyo ilimpeleka Manyani, kambi kubwa iliyojengwa katika nyika ya Tsavo, mahali ambapo msafiri yeyote wa kutoka Changamwe kwenda Nairobi hupapita. Baada ya msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili 1954, maelfu ya watu walikuwa wamesombwa na kutupwa humo. Miongoni mwao walikuwamo wavulana zaidi ya 1,000, baadhi yao wakiwa watoto wasiokuwa na mzazi wala makao, wakilala na kula pamoja na watu wazima. Griffin na wenzake waliwatenga na watu wazima, na baadaye vijana hao wakahamishiwa Wamumu, katika uwanda wa Mwea.

Ni huko Wamumu ambako mbinu zake zilipata sura. Vijana walifundishwa kusoma na kuandika, useremala, uashi na ushonaji. Walicheza kandanda na kujiunga na skauti. Walipewa viranja kutoka miongoni mwao wenyewe, wakaaminiwa kusimamia nidhamu yao. Jambo la maana zaidi, na ambalo ndilo huwa gumu hata leo, ni kwamba hawakuachwa langoni. Waliotoka walisaidiwa kupata kazi, kwa kuwa ilifahamika wazi kwamba fundi asiye na mwajiri hana tofauti kubwa na mzururaji.

Hata hivyo, haki haitatendeka iwapo Wamumu itasimuliwa kama hadithi ya wema mtupu. Ilikuwa kambi ya serikali ya kikoloni. Wengi wa wavulana hao walizuiliwa bila kesi ya maana, na walitakiwa kukiri viapo na kuonyesha utiifu kwa utawala uliokuwa umewanyang'anya wazazi wao ardhi na uhuru. Serikali nayo iliitumia sifa ya Wamumu kupamba mfumo mzima wa kambi, mfumo ambao Machi 1959 uliwaua wafungwa 11 kwa vipigo huko Hola, kando ya Mto Tana. Griffin alikuwa sehemu ya mfumo huo. Kinachomtofautisha ni kile alichofanya alipotoka humo.

Novemba 1959, akiwa na umri wa miaka 26, alifungua Starehe pamoja na Geoffrey Gatama Geturo na Joseph Kamiru Gikubu. Vibanda vya mabati viwili ndivyo vilivyokuwa majengo ya kwanza, na waliolala humo walikuwa watoto waliookotwa mitaani, wengi wakiwa mayatima wa vita. Uteuzi wa Gikubu ulikuwa na maana kubwa: yeye mwenyewe alikuwa amezuiliwa kwa tuhuma za Mau Mau. Kijana aliyewahi kulindwa kwa bunduki sasa alikabidhiwa ulinzi wa watoto wa wenzake, na akaitumikia Starehe kwa miongo mingi.

Katika Starehe, Griffin aliyaacha mambo ya viapo na utiifu kwa mkoloni, akabakiza yale yaliyofaa: kazi za mikono, viranja wanaoheshimika, na baraza ambapo mwanafunzi aliweza kusimama na kulalamika hadharani bila kuogopa kuadhibiwa. Wengi walisoma bila kulipa karo. Wanafunzi walifunzwa kujitolea kuhudumia jamii, ili yule aliyelelewa kwa msaada ajue kwamba naye ana deni kwa wengine. Kituo kilichoanza kama kimbilio kikawa miongoni mwa shule zilizong'ara zaidi katika mitihani ya taifa.

Mwaka wa 1964, Kenya huru ilipoanzisha Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), Griffin alikabidhiwa usukani wake, akaushika hadi 1988 bila kuiacha Starehe. Huku maelfu ya vijana wasio na kazi walijenga barabara na mabwawa, kisha wakafunzwa ufundi. Watu wa Changamwe wanaijua sura ya kazi hiyo kupitia chuo cha NYS kilichoko Miritini. Griffin aliendelea kuiongoza Starehe hadi alipofariki Juni 28, 2005, miezi michache tu baada ya kituo cha wasichana kufunguliwa.

Wamumu haikufungwa moja kwa moja. Iligeuzwa kuwa shule ya marekebisho, na hivyo leo ni ndugu wa ile ya Likoni. Maisha ya Griffin basi yanaigusa bara ya Mombasa pande zake zote tatu: Likoni kwa watoto, Kisauni kwa vijana waliohukumiwa, na Changamwe kwa wanaotafuta ufundi.

Lakini kati ya pande hizo bado kuna pengo. Kijana anaweza kutoka Shimo la Tewa akiwa seremala hodari, kisha akaombwa cheti cha polisi cha mwenendo mwema na kila mwajiri anayemwendea. Anaweza kurudi mtaani na kupokewa kwanza na wale wale waliomponza. Mti hauendi ila kwa nyenzo, na nyenzo aliyoijua Griffin haikuwa randa wala cherehani peke yake. Ilikuwa mtu mzima mmoja anayelijua jina la kijana, anayekubali kumdhamini kwa mwajiri, na ambaye angali yupo mwaka mmoja baada ya lango kufungwa nyuma yake. Gikubu alimpata mtu huyo akiwa bado kijana, na watoto wengi wa Starehe wakampata kupitia kwake.