Padre Mapera: mmisionari aliyewabatiza mashahidi



Kila mwaka tarehe 3 Juni tunawaimbia Karoli Lwanga na wenzake, lakini ukiuliza nani aliwapelekea imani, wengi tunakaa kimya. Leo nataka niwasimulie Padre Siméon Lourdel. Waganda walimsikia akiitwa kwa Kifaransa "mon père", yaani baba yangu, wakageuza ikawa Mapera. (Si mapera ya kula, jamani.)

Alizaliwa Ufaransa mwaka 1853, akajiunga na Mababa Weupe wa Kardinali Lavigerie. Mwaka 1878 msafara wao ulitoka Bagamoyo kwa miguu hadi Ziwa Victoria, safari ya miezi. Kisha yeye na Bruda Amans wakavuka ziwa kwa mtumbwi, wakafika Buganda Februari 1879. Alikuwa na miaka 25 tu.

Shida ni kwamba Waanglikana wa Uingereza walikuwa wameshatangulia, na kiongozi wao Alexander Mackay alikuwa mtu wa msimamo. Mwaka huohuo wa kwanza wakabishana mbele ya Kabaka Mutesa, pale Lourdel alipokataa kupiga magoti kwenye sala ya Waprotestanti. Mutesa akabaki anajiuliza, hawa wazungu wana dini ngapi? Nikisoma hapo huwa naona aibu kidogo. Huku kwetu, kuanzia Makambako mpaka kwenye maua ya Kitulo, nyumba moja unakuta Mlutheri na Mkatoliki wanakula ugali sahani moja.

Mwishoni mwa 1882 hali ikawa ngumu, Mababa wakaondoka kwenda kusini mwa ziwa. Hapa ndo pananigusa zaidi. Karibu miaka mitatu hakuna padre, hakuna Misa, na bado Wakristo wakaongezeka! Yosefu Mukasa, kijana wa ikulu, ndiye aliyewaongoza wenzake.

Lourdel alirudi 1885, Kabaka akiwa Mwanga. Mukasa alimkanya Mwanga kwa kuuawa kwa Askofu Hannington wa Waanglikana. Yaani Mkatoliki anamtetea askofu wa upande wa pili. Siku zilezile Kabaka aliumwa macho, Lourdel akampa kidonge cha afyuni, naye akazidi kuumwa. Ikaonekana ni sumu, na lawama zikamwangukia Mukasa. Aliuawa tarehe 15 Novemba 1885.

Mei iliyofuata, huko Munyonyo, Lourdel alikwenda kuwaombea vijana waliohukumiwa. Hakuruhusiwa kumwona Mwanga. Alisimama tu, wakapitishwa mbele yake wamefungwa kamba, akiwemo Kizito wa miaka kama 14. Hakuweza hata kusema nao. Mimi sijui angejisikiaje mtu aliyewafundisha katekisimu watoto wale. Tarehe 3 Juni 1886 wengi wao walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja.

Mwaka 1888 Mwanga akapinduliwa, na wamisionari wa pande zote mbili wakafukuzwa kwa mashua moja. Njiani kiboko akaitoboa! Walionusurika wakafika Bukumbi, karibu na Mwanza, na Mababa wakawapokea wote. Baadaye nani akaja kuomba hifadhi hapohapo Bukumbi? Mwanga mwenyewe, aliyewaua vijana wao. Wakampokea.

Wakristo walimrudisha kwenye kiti mwaka 1889. Lakini sasa kulikuwa na chama cha Wafaransa, yaani Wakatoliki, na cha Waingereza, yaani Waprotestanti. Carl Peters, Mjerumani, alipofika kutafuta mkataba, Lourdel aliuunga mkono, maana aliogopa Waingereza wangewabana Wakatoliki. Kwa maoni yangu hapo aliingia siasa kupita kiasi, ingawa namwelewa. Na mkataba wenyewe haukufika mbali: tarehe 1 Julai Berlin na London wakagawana, Uganda ikawa upande wa Uingereza.

Lourdel hakuyaona hayo. Alifariki Rubaga tarehe 12 Mei 1890, kwa ugonjwa, akiwa na miaka 36. Januari 1892 vyama vile viwili vilipigana kwa bunduki pale Mengo, watu waliosoma Injili ileile.

Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mashahidi 22 Wakatoliki. Katika mahubiri yake siku hiyo aliwataja pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya Kristo.