Padre Aliyewachunguza Popo

Lazzaro Spallanzani alizaliwa tarehe 12 Januari 1729 katika mji wa Scandiano, Italia. Alisomeshwa na Mapadre Wayesuiti mjini Reggio, kisha akaenda Bologna kujifunza sheria. Huko ndugu yake Laura Bassi, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu, alimvuta kwenye elimu ya viumbe. Akapata upadre, na tangu mwaka 1769 hata kufa kwake alifundisha katika Chuo Kikuu cha Pavia.

Mwaka 1793 alitambua jambo la ajabu. Bundi, mshumaa ukizimika kabisa, hujigonga ukutani. Lakini popo huruka katika giza lile lile bila kugusa hata uzi ulioning'inizwa darini. Padre akawapofusha popo kadhaa, jambo ambalo leo lingetuhuzunisha, akawaachilia. Baadaye alipowakamata katika mnara wa kengele wa kanisa kuu la Pavia, aliwakuta matumbo yamejaa wadudu kama ya wenzao wenye macho.

Ndipo Louis Jurine, tabibu wa Geneva, alipowaziba popo masikio, nao wakagonga kila kitu. Spallanzani hakuridhika kusikia tu. Aliwatia popo masikioni vibomba vidogo vya shaba: vikiwa wazi waliruka vema, vikizibwa walipotea. Basi popo huongozwa na masikio! Lakini masikio hayo yalisikia nini, na popo mwenyewe yu kimya?

Wakubwa wa elimu walimcheka. Mwaka 1795 Georges Cuvier wa Paris aliandika kwamba popo hupapasa hewa kwa mabawa, ingawa hakufanya jaribio hata moja. Kwa kuwa jina lake lilikuwa kubwa, watu walimfuata kwa zaidi ya miaka mia. Spallanzani alifariki mwezi Februari 1799, fumbo lake halijafumbuliwa.

Jibu lilipatikana mwaka 1938 huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Harvard. Donald Griffin alimpeleka popo mbele ya chombo cha George Pierce, nacho kikapokea kelele nyingi ambazo mwanadamu hazisikii. Sauti ni mtetemo. Mwanamume anenapo, koo lake hutetema kama mara 120 kwa sekunde, la mwanamke kama mara 200. Sikio la kijana mzima husikia tangu mitetemo 20 hadi 20,000 hivi. Popo wengi hupiga kelele kupita kiasi hicho, wengine hata zaidi ya 100,000, kisha husikiliza mwangwi unaorudi kutoka ukutani au kwa mdudu. Popo hakuwa kimya kamwe. Sisi ndio tuliokuwa viziwi.

Enyi wazazi, mtoto akiuliza swali ambalo wakubwa hulicheka, msimkemee. Mpeni nafasi atazame na kupima, kwa maana ukweli hautegemei ukubwa wa jina la asemaye.