Emin Pasha
Emin Pasha (Oppeln, leo Opole nchini Poland, 28 Machi 1840 – Kongo, Oktoba 1892) alikuwa daktari, mtaalamu wa viumbe na gavana wa jimbo la Ekwatoria, kusini mwa Sudan. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Isaak Eduard Schnitzer.

Alipewa jimbo hilo mwaka 1878. Vita vya Mahdi vilipomfungia njia ya kaskazini, Henry Morton Stanley alimfuata na kufika naye Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Usiku huohuo, katika karamu ya Wajerumani, Emin, ambaye hakuona vizuri, alianguka kutoka ghorofani hadi barabarani. Damu ilimtoka masikioni, dalili inayoweza kuonyesha kwamba fuvu limevunjika upande wa chini. Eksirei ilikuwa haijagunduliwa, na upasuaji wa ubongo ulikuwa bado mchanga. Dkt. Thomas Heazle Parke na madaktari Wajerumani walimwuguza kitandani.

Stanley alivuka kwenda Unguja. Emin alibaki Bagamoyo hadi akapona. Mwaka 1890 alijiunga na utumishi wa Ujerumani, akarudi bara na kuanzisha kituo cha Bukoba. Miaka miwili baadaye aliuawa huko Kongo na watu wa wafanyabiashara wa watumwa.