Jack Parsons: Msee Bila Digirii Aliyesaidia Caltech Kurusha Roketi

Ukiskia Caltech, unafikiria magwiji wa hesabu pekee. Ni chuo cha kibinafsi pale Pasadena, California, wanafunzi wachache lakini Nobel zimejaa. Sasa cheki hii: mmoja wa wasee walioingiza hicho chuo kwa mambo ya roketi hakuwahi hata kuwa mwanafunzi wake.

Jack alizaliwa Los Angeles mwaka wa 1914, akalelewa Pasadena kwa familia iliyojiweza. Yeye na beshte yake wa shule, Ed Forman, walipenda kurusha viroketi vya baruti nyuma ya nyumba. Halafu uchumi wa Marekani ukaanguka, doh ya familia ikaisha, na masomo ya chuo yakaishia njiani. Jack akaenda kuhasol kwa kampuni ya vilipuzi. Kemia yake nyingi aliipata hapo.

Katikati ya miaka ya 30, wawili hao wakabisha hodi Caltech. Frank Malina, mwanafunzi aliyekuwa akiendelea na digirii za juu, akawaskiza. Profesa wake, Theodore von Kármán, akawakubalia wafanye majaribio na Malina, na wakati huo wasomi wengi waliona roketi ni hadithi za watoto. Malina alileta hesabu, Ed alijua mashine, Jack alijua kinacholipuka.

Tarehe 31 Oktoba 1936 wakaenda Arroyo Seco, korongo kavu pale Pasadena, kujaribu injini yao. Paipu ya oksijeni ikashika moto na kuanza kurukaruka kama nyoka. Wote wakatoka mbio! Vituko viliendelea mpaka watu chuoni wakawabandika jina Kikosi cha Kujiua.

Mwaka wa 1939 wakapata dola 1,000 za utafiti, kwa sababu jeshi lilitaka roketi za kusaidia ndege kupaa kwa uwanja mfupi. Agosti 1941 ndege ndogo ikapaa nazo. Shida ilikuwa moja: mafuta hayo makavu yakikaa stoo yalipasuka nyufa, na ukiwasha, yanalipuka. Mwaka wa 1942 Jack akaja na jibu: yeyusha lami, changanya na potasiamu pakloreti, mimina ndani ya roketi kama uji, acha igande. Hakuna nyufa. Wazo hilo la kumimina ndilo lililokuja kutumika hata kwa roketi kubwa za pembeni za Space Shuttle.

Mwaka huo huo mbogi ikaanzisha kampuni, Aerojet. Kazi yao ya Arroyo Seco nayo ikakua ikawa maabara ya JPL, ambayo Caltech inasimamia kwa niaba ya NASA mpaka leo. Vigari vinavyozunguka Mars vinatoka hapo.

Lakini maisha ya Jack yakaenda mrama. Alikuwa amezama kwa dini ya uchawi ya Aleister Crowley, na keja yake ilikuwa gumzo la mtaa. Akauza hisa zake za Aerojet mapema. Mwaka wa 1946 L. Ron Hubbard, yule aliyeanzisha Scientology baadaye, akahepa na manzi wake pamoja na pesa za biashara yao ya mashua, Jack akazifuata kortini. Serikali nayo ikamnyima kibali cha kazi za siri. Fundi wa roketi akaishia kutengeneza vilipuzi vya filamu.

Tarehe 17 Juni 1952 mlipuko ulitokea kwa maabara yake ya nyumbani. Jack akafa akiwa na miaka 37. Mamake naye akajitoa uhai siku hiyo hiyo.

Usichukue hii kama sababu ya kuacha shule. Bila hesabu za Malina, baruti ya Jack ingebaki kelele za nyuma ya nyumba. Lakini pia bila Jack, Malina angebaki na makaratasi. Leo kuna shimo kubwa mwezini linaloitwa Parsons, upande ule hatuoni tukiwa huku chini. Swali ni, huyo chali akibisha hodi kwa chuo cha mtaa wenu leo, sekyu atamfungulia geti?