William Eno: Baba wa kipilefti ambaye hakujua kuendesha gari

DEREVA anayefika kwenye kipilefti cha Sanamu ya Askari, katikati ya jiji la Dar es Salaam, hana budi kuzunguka upande mmoja na kumpisha aliyekwisha kuingia. Zaidi ya miaka 100 iliyopita utaratibu wa namna hiyo haukuwapo. Miongoni mwa waliotumia maisha yao kuupigania ni Mmarekani William Phelps Eno, ambaye mwenyewe hakuwahi kujifunza kuendesha gari.

Eno alizaliwa New York Juni 3, 1858, katika familia tajiri. Baba yake, Amos Eno, alikuwa mfanyabiashara wa viwanja na majengo. Mwaka 1867, akiwa na umri wa miaka tisa, William alikwama barabarani pamoja na mama yake katika msongamano wa magari ya farasi. Magari hayo yalikuwa kama dazeni moja tu, lakini hakuna aliyejua nani atangulie na nani asubiri. Tukio hilo halikumtoka akilini.

Baada ya kuhitimu Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1882, alifanya kazi katika biashara ya baba yake, kisha akaiacha ili ashughulikie barabara. Mwaka 1900 aliandika makala akidai marekebisho ya haraka katika mitaa ya jiji lake. Mwaka 1903 polisi wa New York walikubali kanuni alizoziandaa: kila chombo kipite upande wake, chombo cha mwendo wa pole kikae pembeni, na dereva aonyeshe kwa mkono anakotaka kwenda. Kanuni hizo zilichapishwa katika vijikaratasi na kugawiwa kwa madereva.

Hata hivyo, njia panda ilibaki kuwa tatizo. Eno aliamini kuwa magari yakizunguka upande mmoja hayatakutana uso kwa uso, wala hayatalazimika kusimama bila sababu. Mwaka 1905 utaratibu huo ulianza kutumika katika uwanja wa Columbus Circle, New York. Nchini Ufaransa, msanifu Eugène Hénard alikuwa na fikra kama hiyo, na mwaka 1907 magari yaliyopita Place de l'Étoile mjini Paris nayo yakaanza kuzunguka upande mmoja.

Wakati huo huo mshindani wake alikuwa akikua. Mwaka 1914 taa za umeme za kuongozea magari ziliwekwa mjini Cleveland, na mwaka 1920 Detroit ikapata taa za rangi tatu kwa pande zote nne. Eno, ambaye mwaka 1921 alianzisha taasisi ya kushughulikia masuala ya usafiri, aliendelea kutetea mzunguko. Lakini miji iliipenda taa: haikuhitaji eneo kubwa, nayo ilimwondolea askari kazi ya kusimama juani siku nzima.

Aidha, vipilefti vya Marekani vilikuwa na kasoro kubwa. Sheria ilimtaka dereva ampishe anayetokea kulia, na katika nchi ambako magari hupita upande wa kulia, hiyo ilimaanisha kuwa aliye ndani ya mzunguko alisimama ili kumpisha anayeingia. Magari yalipozidi, mzunguko ulijaa na hakuna aliyeweza kutoka. Lawama ikakiangukia kipilefti, wala si sheria hiyo.

Eno alifariki dunia Desemba 1945, wakati taa zikiwa zimekwisha kutawala. Jawabu lilipatikana Uingereza mwaka 1966, baada ya juhudi za mhandisi Frank Blackmore na wenzake, ilipoamriwa kuwa anayeingia ampishe aliye ndani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulionyesha kuwa makutano yaliyobadilishwa kuwa vipilefti vya aina hiyo yalipunguza ajali zenye majeruhi kwa takriban robo tatu. Sababu yake ni kwamba magari hupunguza mwendo kabla ya kuingia, na yakigongana hayagongani uso kwa uso wala ubavuni kwa kasi.

Hata hivyo taa hazijapoteza nafasi yake. Pale ambapo barabara moja ina magari mengi mno kuliko nyingine, wa barabara ndogo huweza kusubiri muda mrefu bila kupata mwanya. Na pale penye wingi wa watembea kwa miguu, taa huwapa zamu yao ya kuvuka. Uamuzi hutegemea wingi wa magari, ukubwa wa eneo na aina ya watumiaji.

Columbus Circle yenyewe ni ushahidi. Magari bado yanakizunguka kisiwa chake kwa upande mmoja, kama Eno alivyotaka, lakini yanafanya hivyo yakiongozwa na taa.