Alan Turing: Aliyetambua mapema ugumu wa kuifunza mashine lugha

JIONI inapoingia mtaani Dandora, mashariki mwa jiji la Nairobi, wachuuzi huwasha majiko kando ya barabara na kukaanga miguu ya kuku kwa wateja wanaotoka kazini. Katika mtaa huo huo, mguu wa kuku pia ni jina la bastola.

Mkazi wa Dandora hakanganyiki. Hutambua maana iliyokusudiwa kwa kumtazama msemaji, kuisikia sauti yake na kujua yaliyotokea mtaani siku hiyo. Tarakilishi haina macho ya kumtazama msemaji, wala haijapata kuishi Dandora. Hupewa maneno matupu na kutakiwa iamue kama ni habari ya chakula au ya jinai.

Tatizo hilo, ambalo leo linawaumiza vichwa wataalamu wa akili mnemba kote duniani, lilitambuliwa mapema na mwanahisabati Mwingereza, Alan Turing, aliyefariki 1954 akiwa na umri wa miaka 41. Alilitambua wakati ambapo tarakilishi zilizokuwa zikifanya kazi duniani zilihesabika kwa vidole.

Alan Mathison Turing alizaliwa jijini London mnamo Juni 23, 1912. Babake, Julius, alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni nchini India. Kwa sehemu kubwa ya utoto wao, Alan na kakake John walilelewa na watu wengine nchini Uingereza huku wazazi wakiwa ng'ambo.

Mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka 13, alipelekwa katika shule ya bweni ya Sherborne. Siku ya kufungua shule ilisadifiana na mgomo mkuu wa wafanyakazi uliosimamisha treni. Kijana huyo alichukua baiskeli yake na kusafiri takriban kilomita 100 kutoka Southampton, akalala njiani usiku mmoja na kuripoti shuleni siku ya pili.

Walimu wengi wa Sherborne walithamini lugha za kale na fasihi kuliko sayansi, na mwandiko wake mbaya uliwaudhi. Aliyemwelewa zaidi ni mwanafunzi mwenzake, Christopher Morcom, aliyependa hisabati na nyota kama yeye. Morcom alifariki Februari 1930 kutokana na kifua kikuu. Msiba huo ulimwachia Turing swali ambalo halikumtoka maishani: akili ya binadamu ni kitu gani, na inahusianaje na mwili unaoibeba?

Alijiunga na chuo cha King's katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1931. Mwaka 1935, akiwa na miaka 22 pekee, alichaguliwa kuwa mwanazuoni wa chuo hicho.

Mwaka uliofuata aliandika makala ya kihisabati iliyobadilisha historia. Ndani yake alieleza mashine ya kufikirika tu, yenye utepe mrefu wa alama, ambayo ingesoma alama moja, kuifuta au kuandika nyingine, kisha kusonga hatua moja. Alionyesha kwamba mashine moja ya aina hiyo, ikipewa maagizo yafaayo, ingeweza kufanya kazi ya mashine nyingine yoyote ya namna hiyo. Huo ndio msingi wa tarakilishi ya leo, ambayo asubuhi huandika barua na jioni hucheza muziki bila kubadilishwa chuma hata kimoja.

Ni muhimu kukumbuka kwamba mashine hiyo ilishughulika na alama, si maana. Haikujua alama hizo zilisimamia nini. Pengo hilo kati ya alama na maana ndilo lililorejea tena na tena katika maisha ya Turing.

Baada ya kuhitimu shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, mwaka 1938, alirudi nyumbani. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka Septemba 1939, aliripoti Bletchley Park, kituo cha siri ambako Waingereza walijaribu kufumbua ujumbe wa jeshi la Ujerumani.

Wajerumani walitumia mashine iliyoitwa Enigma kuvuruga herufi za ujumbe wao, na mipangilio yake ilibadilishwa kila siku. Wanahisabati wa Poland walikuwa wameifumbua hapo awali na wakawapa Waingereza maarifa yao kabla ya vita. Turing aliyaendeleza kwa kubuni mashine mpya, Bombe, na ya kwanza ilianza kazi mwaka 1940. Pia aliongoza kikosi kilichoshughulikia ujumbe wa jeshi la majini la Ujerumani, ambalo nyambizi zake zilikuwa zikizamisha meli za chakula na silaha zilizokuwa zikielekea Uingereza.

Namna Bombe ilivyofanya kazi ni funzo tosha kuhusu maneno. Wachambuzi walijua, kwa mfano, kwamba kituo fulani cha Wajerumani kilituma ripoti ya hali ya hewa karibu saa ile ile kila siku. Hivyo walibahatisha kwamba neno la hali ya hewa lilikuwa ndani ya ujumbe, wakaipa mashine neno hilo. Mashine ilijaribu mipangilio kwa kasi ambayo hakuna binadamu angeiweza, ikiitupa ile iliyojipinga yenyewe.

Bombe haikujua mvua wala jua. Aliyejua ni binadamu aliyefahamu tabia ya mwandishi wa ujumbe, mahali alipo na jambo ambalo angelazimika kulisema asubuhi. Kasi ilikuwa ya mashine, maana ilikuwa ya mtu.

Vita hivyo vya kufumbua maneno vilifika hadi pwani ya Kenya. Baada ya Wajapani kushambulia Colombo Aprili 1942, kikosi cha Waingereza cha kufumbua ujumbe wa Japani kilihamishiwa Mombasa na kufanyia kazi katika majengo ya shule ya Allidina Visram hadi 1943. Turing mwenyewe hakufika huko, lakini kituo hicho kilikuwa tawi la kazi ile ile iliyofanyika Bletchley Park.

Vita vilipokwisha 1945, Turing aliajiriwa na Maabara ya Kitaifa ya Fizikia karibu na London, akachora mpango kamili wa tarakilishi ya kielektroniki. Ujenzi ulicheleweshwa sana na urasimu, hali iliyomkatisha tamaa.

Katika kipindi hicho alijiliwaza kwa mbio. Wakenya, ambao wanaijua riadha kama wanavyoijua njia ya kwenda nyumbani, watavutiwa kusikia kwamba Agosti 1947 alimaliza wa tano katika mashindano ya kitaifa ya marathoni nchini Uingereza, kwa muda wa saa 2, dakika 46 na sekunde 3.

Mwaka 1948 aliiandikia maabara hiyo ripoti kuhusu uwezekano wa mashine kuwa na akili. Mkurugenzi wake hakuvutiwa nayo, na haikuchapishwa Turing akiwa hai. Humo aliorodhesha kazi ambazo mashine ingeweza kujaribishwa nazo: michezo kama sataranji, kujifunza lugha, kutafsiri, kufumbua maandishi ya siri na hisabati.

Kuhusu kujifunza lugha, alitoa maoni ambayo yangefaa kusomwa na kila mhandisi wa leo. Aliona kwamba kati ya kazi hizo zote, hiyo ndiyo ingevutia zaidi kwa kuwa ndiyo ya kibinadamu zaidi. Hata hivyo, alihofia kwamba inategemea mno viungo vya hisi na uwezo wa kutembea, vitu ambavyo mashine yake haikuwa navyo. Kwa maneno mengine, alishuku kwamba maana ya neno haimo ndani ya neno pekee, bali imo pia katika maisha ya wanaolitumia.

Mwaka huo wa 1948 alihamia Chuo Kikuu cha Manchester. Oktoba 1950 alichapisha katika jarida la falsafa la Mind makala iliyomfanya awe maarufu hata nje ya hisabati. Alipendekeza kwamba badala ya kubishana kama mashine inaweza kufikiri, watu waizungumzishe kwa maandishi bila kuiona. Ikiwa muulizaji atashindwa kutofautisha majibu yake na ya binadamu, basi hoja ya kuinyima sifa ya akili itakuwa dhaifu.

Alitabiri kwamba kufikia mwaka 2000 hivi, muulizaji wa kawaida, baada ya mazungumzo ya dakika tano, angekuwa na uwezekano usiozidi asilimia 70 wa kupambanua sawasawa. Mwaka 2000 ulipita bila utabiri huo kutimia.

Makala hiyo ilikuwa na pendekezo jingine ambalo halitajwi sana. Turing alisema itakuwa rahisi kuunda mashine iliyo kama mtoto, kisha kuipeleka shule, kuliko kuunda mashine iliyo kama mtu mzima. Mashine hiyo ingehitaji mwalimu.

Hakuishi kuiona ikikua. Mwaka 1952 alishtakiwa kwa kushiriki mapenzi ya jinsia moja, yaliyokuwa hatia nchini Uingereza wakati huo. Ili kuepuka kifungo, alikubali kudungwa homoni kwa mwaka mmoja. Alipoteza pia idhini ya kushughulikia siri za serikali ambayo aliitumikia wakati wa vita.

Juni 8, 1954, mtumishi wake wa nyumbani alimpata akiwa amefariki kitandani huko Wilmslow, karibu na Manchester. Uchunguzi ulibaini kuwa alikufa siku iliyotangulia kwa sumu ya sayanidi, na afisa wa uchunguzi akaamua kwamba alijiua. Mamake hakukubali uamuzi huo hadi kifo chake, akiamini ilikuwa ajali katika majaribio ya kemikali.

Kwa kuwa kazi ya Bletchley Park iliwekwa siri hadi miaka ya 1970, wananchi wengi wa Uingereza hawakujua walimpoteza nani. Waziri Mkuu Gordon Brown aliomba radhi kwa niaba ya serikali mwaka 2009, na Malkia Elizabeth II akatoa msamaha rasmi Desemba 2013. Tangu Juni 2021, picha ya Turing imo kwenye noti ya pauni 50.

Mtoto aliyemwacha, yaani mashine inayofunzwa, sasa amekua. Programu za leo husoma mabilioni ya maneno na kuliwakilisha kila neno kwa tarakimu kulingana na majirani zake. Wazo la kulijua neno kupitia majirani lilitetewa na mwanaisimu Mwingereza J.R. Firth, aliyefariki 1960. Kwa njia hiyo, mguu wa kuku uliozungukwa na mafuta, chumvi na bei hutengwa na ule uliozungukwa na polisi na risasi.

Lakini hisia ni ngumu kuliko maana. Kijana wa Dandora akisema wimbo ni noma au ni kali, huenda anausifu. Mwenzake akisema hali ni noma, analalamika. Mkazi anayetoa shukrani nyingi kwa stima kupotea tena si mwenye furaha, ingawa neno shukrani huitwa jema katika kila kamusi.

Kosa la mashine katika jambo hili si la mzaha. Aprili 2022, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) ilitoa orodha ya maneno iliyoyataja kuwa ya chuki. Miongoni mwayo ni madoadoa. Kwa mfugaji, hayo ni mabaka kwenye ngozi ya ng'ombe. Katika Bonde la Ufa, ni neno lililotumiwa kuwalenga watu waliochukuliwa kuwa wageni, katika taifa lililopoteza zaidi ya watu 1,000 katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007.

Mashine isiyojua tofauti hiyo yaweza kumfungia mfugaji akaunti yake mtandaoni na kuupitisha uchochezi bila kuushuku.

Ndiyo maana pendekezo la Turing kuhusu mwalimu lina uzito zaidi leo. Mwaka 2023 watafiti walitoa mkusanyo uitwao AfriSenti, wenye zaidi ya jumbe 110,000 za Twitter katika lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Jumbe hizo zilipangwa na wazawa wa lugha kuwa za hisia njema, mbaya au za kati. Nchini Kenya, mradi wa Kencorpus, ulioshirikisha vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene, umekusanya matini na sauti za Kiswahili, Dholuo na Kiluhya.

Kazi hiyo ni ya kuchosha na huhitaji mtu kusoma ujumbe mmoja baada ya mwingine na kuamua aliyeuandika alihisi nini. Hakuna mashine iliyoweza kuifanya kabla ya binadamu kuitangulia.

Dandora, mtaa uliojengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliwapa Wakenya kundi la Kalamashaka, ambalo mwishoni mwa miaka ya 1990 lilivuma kwa wimbo Tafsiri Hii. Sheng ya mtaa huo hubadilika kila kukicha, na neno la mwaka juzi huwa limeshazeeka.

Iwapo vijana wa Dandora hawataitwa darasani kama walimu, mashine itajifunza maneno yao kutoka kwa watu wasioyajua, na wao ndio watakaobeba gharama ya makosa yake.