Gudina Tumsa: Mchungaji Aliyekataa Kuliacha Kundi

Kamati ya kitabu hiki iliponiomba niandike juu ya utii kwa Mungu katika maisha ya Mkristo, nilikusudia kwanza kuandaa somo kama tulivyofundishwa chuoni, lenye mafungu ya Maandiko na vichwa vyake kwa mpangilio. Baadaye nikakumbuka kwamba usharika wetu umesikia masomo ya namna hiyo kwa miaka mia moja, na mengine umeyasikia kutoka kinywani mwangu mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kwa sababu hiyo nimechagua kusimulia maisha ya mtu mmoja, Mlutheri mwenzetu wa Afrika, Mchungaji Gudina Tumsa wa Ethiopia.

Wazee wetu wanaikumbuka Sauti ya Injili. Vipindi vyake vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi na kurushwa kutoka Addis Ababa, katika kituo cha Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani kilichofunguliwa mwaka 1963. Nilipokuwa mtoto tulikusanyika jioni kwa jirani aliyekuwa na redio, tukadhani Addis Ababa ni mji wa nyimbo na mahubiri tu. Mwezi Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitaifisha kituo kile. Wengi wetu tuligundua tu kwamba sauti tuliyoizoea haisikiki tena. Hatukujua kwamba ndugu zetu waliokuwa nyuma ya sauti ile walikuwa wanaingia katika bonde la giza.

Gudina alizaliwa mwaka 1929 huko Boji katika jimbo la Wollega, magharibi mwa Ethiopia, katika familia ya wakulima maskini wa kabila la Waoromo. Alipata elimu katika shule za misheni, kisha akafanya kazi ya uuguzi hospitalini Nekemte. Hiyo ilikuwa kazi ya heshima na ya uhakika. Hata hivyo aliiacha ili asomee utumishi wa Neno, akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1958. Mwaka uliofuata Kanisa la Kiinjili la Ethiopia Mekane Yesus lilianzishwa rasmi kuwa kanisa la kitaifa. Kuanzia 1963 hadi 1966 alisoma theolojia Minnesota, Marekani, na aliporudi aliitwa kuwa Katibu Mkuu wa kanisa hilo. Aliishika kazi hiyo mpaka kufa kwake.

Watu wengi wakimtaja Gudina huanza na kifo chake. Mimi naona inafaa tuanze na barua. Mwaka 1972 kanisa lake, yeye akiwa Katibu Mkuu, liliwaandikia wahisani wa ng'ambo kupitia Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Wakati huo fedha za miradi ya maendeleo zilipatikana kwa urahisi: shule, zahanati, visima, kilimo. Lakini kanisa lilipoomba msaada wa kuandaa wainjilisti na wachungaji, kwa ajili ya maelfu waliokuwa wanabisha hodi kwa Injili, mkono ulikuwa mzito. Barua ile ilieleza kwa heshima, lakini bila kuficha, kwamba mwanadamu hawezi kugawanywa vipande viwili, mwili ushughulikiwe na mradi na roho iachwe ijitafutie. Ilisema pia kwamba vigezo vya misaada vilikuwa vimewekwa na wale wanaotoa, kwa kufuata mawazo ya jamii zao, si kwa kufuata mahitaji ya kanisa linalopokea. Barua hiyo ilizua mjadala mkubwa, na mwaka 1974 Fungamano liliitisha mkutano Nairobi kuzungumzia jambo hilo hilo.

Ndugu msomaji, naomba tusimame hapo kidogo. Yeyote aliyewahi kuketi katika Halmashauri ya usharika au ya dayosisi anajua ugumu wa kumweleza anayekusaidia kwamba namna yake ya kusaidia ina kasoro. Tunaogopa bajeti ya mwaka ujao. Nimekuwa katika vikao ambamo tuliandika maombi ya fedha kwa kufuata kile tulichojua mfadhili anakipenda, kisha tukafunga kwa sala. Gudina aliyaandikia makanisa rafiki, makanisa yaliyowaleta wamisionari kwa baba zake, akayaambia kwamba kanisa lina Bwana mmoja tu. Kwangu mimi utii wake ulipimwa hapo kwanza, mezani, miaka kadhaa kabla ya gereza.

Mwezi Septemba 1974 Mfalme Haile Selassie alipinduliwa na wanajeshi wakashika madaraka. Isidhaniwe kwamba Gudina alikuwa mtu wa utawala wa kale. Alitoka kwa wakulima, na tangazo la ardhi la mwaka 1975, lililowaondolea wakulima mzigo wa mabwana wa ardhi, lilipokewa kwa matumaini na kanisa lake. Sisi tuliokulia katika Ujamaa tunaweza kuelewa matumaini hayo. Shida ilianza serikali ilipotaka zaidi ya utii wa raia. Ilitaka moyo. Ilitaka kanisa liwe kipaza sauti chake, na itikadi isiyomjua Mungu iwe ndiyo kweli ya mwisho. Mwaka 1976 Gudina alikuwa mwenyekiti wa baraza la ushirikiano lililounganisha makanisa mbalimbali ya nchi ile, ili yasimame pamoja badala ya kunyakuliwa moja moja. Jambo hilo halikuwafurahisha watawala.

Katika maandishi yake ya mwisho, ya mwaka 1979, juu ya nafasi ya Mkristo katika jamii, hakufundisha uasi. Alimwona Mkristo kuwa raia mwaminifu, anayelitumikia taifa lake na kushiriki ujenzi wake. Lakini uaminifu huo una mpaka, kwa kuwa Mkristo ameitwa na Kristo kwanza. Hapa aliusoma Warumi 13 pamoja na Matendo 5, kama Luther alivyotufundisha kufanya, wala hakuacha sura moja imeze nyingine.

Alikamatwa mara ya kwanza Oktoba 1978, akaachiliwa. Akakamatwa tena Juni 1979, akaachiliwa. Ndipo nchi yetu inapoingia katika habari hii. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alikuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani tangu mkutano mkuu wa Dar es Salaam wa mwaka 1977, na rafiki zake Gudina walikuwa wengi. Kukawa na mpango, uliomhusisha Rais Julius Nyerere mwenyewe, wa kumtoa Ethiopia salama. Gudina alikataa. Hoja yake ilikuwa fupi: yeye ni kiongozi wa kanisa, na kundi liko katika jaribu, hawezi kuliacha.

Nimejadili uamuzi huo na wachungaji wenzangu mara nyingi, na hatukubaliani wote. Bwana wetu mwenyewe aliwaruhusu wanafunzi wakimbie kutoka mji mmoja hadi mwingine. Athanasius alikimbia mara kadhaa na kanisa halikumwita mwoga. Dietrich Bonhoeffer, ambaye Gudina hulinganishwa naye, alirudi Ujerumani kutoka Marekani mwaka 1939, naye akauawa mwaka 1945. Sithubutu kufanya uamuzi wa Gudina kuwa sheria kwa kila mkimbizi. Tumewapokea wakimbizi wengi katika nchi hii na tunajua waliyoyaacha nyuma. Bali nasema hivi: alikuwa na mlango uliofunguliwa na rais wa nchi, alikuwa na mke na watoto, alijua kilichomngoja, na akabaki. Sisi wachungaji tunaopenda kuwaambia washarika watii, na wakati mwingine tunamaanisha watutii sisi, tunapaswa kumwangalia kwa aibu kidogo.

Usiku wa tarehe 28 Julai 1979, baada ya kuhudumu katika usharika wa Urael mjini Addis Ababa, Gudina na mke wake Tsehay Tolessa walitekwa na watu wenye silaha. Tsehay aliachiliwa usiku uleule. Gudina aliuawa. Alikuwa na umri wa miaka 50. Familia haikuambiwa kitu, na kwa miaka mingi wako waliotumaini kwamba yu hai mahali fulani.

Si haki kumtaja mume tu, kama tufanyavyo mara nyingi katika historia za sharika zetu, zinazojaza majina ya wachungaji na kusahau wake zao. Mwezi Februari 1980 Tsehay naye alikamatwa, akateswa vibaya, akakaa gerezani karibu miaka kumi bila hukumu ya mahakama. Alitoka mwaka 1989. Mwaka 1991 utawala ule ulianguka, na mwaka 1992 mabaki ya Gudina yalipatikana katika kiwanja cha jumba la zamani la mkuu mmoja wa enzi ya mfalme, hapo hapo Addis Ababa. Mwezi Juni mwaka huo kanisa lilimzika kwa ibada. Tsehay aliishi hadi mwaka 2014.